Toroli Nne, Mtu Mmoja

Duka letu la Mwanjelwa limeandikwa STESHENERI,
na Mhandisi Mwasomola kila Jumamosi
husimama mlangoni akalisoma bango upya.
"Futeni herufi mbili tu," husema,
"mtakuwa na treni."

Huja na kaunta buku, jalada limelowa grisi,
mwandiko umelala kulia kama behewa kwenye kona.
Ukurasa shilingi elfu. Mimi nachapa,
yeye amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa
anapuliza chai, Juni hii ya Mbeya,
ukungu umeshuka Loleza, umeingia hadi kwenye printa.

Miaka thelathini na moja aligonga reli kwa nyundo
akisikiliza. Reli nzima, anasema, hulia kwa kirefu;
yenye ufa hujibu kama mtu aliyekumbushwa deni.
Sasa amestaafu, anagonga historia.
Hunisahihisha:
"Si magogo, binti. Mataluma."
"Si mawe. Kokoto. Mawe ni ya mlima, kokoto ni za kazi."
Kwake nimejua kwamba kati ya reli na reli
huachwa mwanya, upana wa ukucha,
jua likipanda chuma kipate pa kunyooshea miguu,
la sivyo njia nzima hujipinda
kama nyoka aliyekanyagwa.

Sura ya saba niliichapa bila kosa.
Mvua za masika, tuta la chini ya Inyala,
udongo ulioporomoka, umepimwa kwa mita za ujazo,
na mwisho wa aya:
*Hasara: toroli nne, mtu mmoja.*
Nikaweka nukta.
Nikahesabu kurasa, nikapokea elfu kumi na mbili.

Kulikuwa na bibi kwenye foleni, kanga juu ya sweta,
amekuja kutoa kopi ya kadi ya bima.
Karatasi zilikuwa bado za moto mezani.
Akasoma, kidole kikitangulia,
kikasimama Inyala.

"Huyu mtu mmoja," akauliza, "ni wa nani?"

Mhandisi akampa vyote alivyokuwa navyo:
mwaka, mteremko, kina cha mtaro.
Bibi akasubiri amalize, kama mtu anavyosubiri
treni ya mizigo ipite ndipo avuke.

"Toroli zilikuwa nne kweli," akasema.
"Zilifukuliwa. Nilizikuta zinasuguliwa mtoni.
Mume wangu aliitwa Andulile Mwakifuna.
Alikuwa anaogopa radi.
Kaka yangu alikuwa anamdai debe la mahindi,
debe hilo nililipa mimi."

Akachukua kopi yake, akahesabu chenji
mara mbili, akatoka.

Upande wa Iyunga honi ikalia,
na kwa mara ya kwanza Mhandisi hakutazama saa.
Chai ikapoa, ikafanya ngozi.

"Ingiza," akaniambia.
"Jina?"
"Jina. Na radi."
"Na mahindi?"
"Debe moja. Kwa tarakimu na kwa maneno,
kama hundi."

Nikaingiza. Mistari ikasukumana kwenda chini
kama abiria waliosikia kuna nafasi mbele.
Ukurasa wa yaliyomo ukawa uongo mtupu.
Daraja alilolipima mara tatu kwa mkono wake
likakatika katikati ya sentensi,
na mstari wa mwisho wa sura
ukaangukia karatasi mpya, peke yake,
weupe chini yake hadi mwisho.

"Nibane herufi kidogo, urudi juu?"
Sisi wa stesheneri hatupendi karatasi ipotee.

Akasogea, miwani imeingia ukungu,
akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye skrini,
pale chini ya mstari, palipokuwa hapana kitu.
Akaupima.
Kisha akachomoa elfu moja, ya ukurasa ule.

"Uache."