Daftari la Banda la Iyunga

Jumamosi ya pili ya Juni. Ukungu umekaa juu ya mabati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Lori la jiji limechelewa tena: dereva anasema dizeli,
mkuu wa kitengo anasema dereva.
Mimi na daftari langu tunasubiri. Kalamu nimeitia kwapani
ipate joto, la sivyo wino unagoma.

Mkataba wetu una mihuri mitatu.
Jiji litaleta gari. Wilaya imetoa kiwanja na banda.
Kikundi cha mafundi kitatoa mikono.
Kabla ya mihuri hiyo, kochi la mtu likichoka
lilisindikizwa usiku hadi korongo la Nzovwe,
na masika yakifika mto ulilirudisha,
ukaliegesha darajani, miguu juu,
mwenyewe akapita asubuhi akitazama upande wa pili.

Sasa naandika:
friji moja, mlango hauna;
televisheni za chogo, tatu, za nyumba moja
(hivi walikuwa wakitazama nini?);
jiko la umeme, ugali umekaukia kwenye koili;
kitanda cha chuma, futi nne kwa sita,
kina uzi mwekundu uliofungwa mguuni
ambao sikuuliza.
Chuma kushoto. Mbao kulia. Nyaya kwa Sekela,
anayezimenya kama maharage mabichi
na hasemi neno mpaka saa nne, chai ikifika.

Halafu likashushwa kabati.
Mninga, milango miwili, kioo kimepasuka.
Mchwa wamekula miguu ya nyuma,
likasimama limebetuka, kama mtu anayetazama ndege.
Fundi Ambakisye alikwishashika nyundo.
Kazi yake kubomoa; hulipwa kwa kilo.
Akavuta droo ya chini, akaigeuza,
akanyamaza.
Chini ya droo, kwa penseli ya seremala:
A.M., Sokomatola, mwaka,
na neno moja: deni.

"Huyu hakunimalizia," akasema.
"Alioa nalo. Akahamia Forest, salamu zikaisha."
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Alipitisha kidole gumba kwenye maungio,
hakuna msumari hata mmoja,
miaka arobaini, na bado yameshikana
kuliko wale waliolinunua.

Akaweka nyundo chini, akaomba chaki.
Mlangoni akaandika LIBAKI,
kisha akaliendea rundo la madawati ya shule,
akachagua miguu miwili
kama achaguaye kuku gulioni: anashika, anapima, anarudisha.

Daftari lina safu nne:
chuma, mbao, plastiki, mengineyo.
Nikaandika mengineyo. Kilo sitini na moja.
Siku ile hakulipwa hata senti ya mbao.

Nisiseme uongo: magodoro bado yanatushinda.
Sponji haina mnunuzi. Jiji linasema ni ya wilaya,
wilaya inasema someni kifungu cha saba.
Nimekisoma. Kifungu cha saba kinahusu choo cha wafanyakazi.
Yamelala nyuma ya banda, kumi na tisa,
yanakunywa umande,
na katikati ya moja kuku wa mlinzi ametaga.

Mayai, manane.
Safu: mengineyo.