Mita Mia, Igombe

Mhoja ameishika saa kwa mikono miwili,
kama yai.
Kamba imelazwa mchangani. Upande wa pili
nimechuchumaa na kipande cha sangara kiganjani,
naita: Furu! Furu!

Anakuja. Masikio yamelala, miguu
haionekani, ni mchanga tu wenye ulimi,
halafu, mita ya themanini,
ananusa dagaa wa mama Nyanzobe
walioanikwa.

Sekunde tisa zikageuka arobaini na moja.
Watu wakacheka hadi wakakaa chini.
Mbwa wa Bwiru akapewa kombe.

Mhoja aliandika daftarini, hakufuta:
41. Pembeni, kwa herufi ndogo,
themanini za kwanza: saba nukta mbili.

Usiku naisoma tena hiyo pembeni.
Furu anakoroma, miguu ikipiga hewa,
mdomo ukinuka dagaa.