Kamba Yenye Meno

Siku ya kwanza vibarua walicheka:
mzazi gani humwita mwanawe Balaa?
Akarudia polepole, akiigonga ile r: Baraa.
Maana yake, akasema, asiye na hatia.
Ndahani akaacha kucheka,
akampa lile jembe lenye mpini mzuri.

Mjomba wake ni daktari mjini,
mteja wangu, matenga mawili kila msimu.
"Usiku halali," aliniambia. "Mpe kazi imchoshe."
Nikampa mistari sita ya mizabibu hapa Hombolo,
mkasi, kofia ya marehemu mume wangu, dumu la maji.

Miaka kumi na saba.
Kiswahili chake kina miezi tisa,
lakini yapo maneno aliyokuja nayo:
askari, hakimu, shahidi, sahihi, dhuluma, mahabusu.
Hayo hakufundishwa na mtu.
Kwetu alitafuta mlango. Alitafuta usingizi.
Zabibu yenyewe tuliigombania:
kwao zabibu ni ile iliyokwisha kukauka,
hii mbichi ina jina lingine,
na babu yake alikuwa nayo mteremko mzima
kule Halhuli.

Ikafika kazi ya kufunga matawi kwenye waya.
Nilimpa pakiti ya zile kamba nyeupe za plastiki,
zenye meno, ziendazo mbele tu, zisizorudi.
Akakaza moja. Ikalia krrr.
Akasimama palepale,
mikono ameshaileta mgongoni mwenyewe,
kifundo juu ya kifundo,
na hakuna aliyemwambia.

Mchana, kwenye ugali wa mtama na mlenda,
alisimulia akianzia katikati:
sakafu ya gari ilikuwa na mchanga,
aliuonja, maana buti lilikuwa shingoni.
Kitambaa cha macho kilinuka mafuta ya bunduki.
Kisha akarudi nyuma: saa nane usiku,
mlango alioupaka babu rangi ya samawati
ukaingia ndani pamoja na fremu yake.
Mama akiomba, jamani, avae viatu.
Alikwenda na soksi moja.
Chumba hakikuwa na dirisha.
Alihesabu siku kwa milo, akakosea kwa siku nne.
Karatasi waliyomwekea ilikuwa ya lugha asiyoisoma.
Akatia sahihi.
Miaka kumi na mitano alikuwa nayo.
Miezi mitano wakakaa naye,
na mama nyuma ya kioo, mara mbili tu,
simu ikikwaruza kiasi kwamba walionyeshana vidole.

"Kosa?" nikauliza, mjinga mimi.

Jiwe, akasema.

Nikainamisha macho.
Mawe matatu yalikuwa yamebeba sufuria yetu.
Mimi kwa umri ule nilikuwa na kombeo,
nikiwinga kweleakwelea kwenye uwele wa baba,
na jiwe langu likivuka shamba zima
nilipewa paja la kuku, na jina langu likatajwa jioni.

"Ulirusha?"
Alikuwa anaosha sahani. Aliiosha sana.
Sijui hata kwa nini niliuliza.

Kesho yake nilikuta kamba zote zimekatwa,
zimelala vumbini kama kucha.
Mistari sita imefungwa upya kwa vitambaa:
shuka la mjomba, limechanwa vipande vyembamba,
vingine bado vina mhuri wa hospitali.
Mafundo ya kuvuta kwa kidole kimoja, yakafunguka.
Nilipiga hesabu ya hasara, pakiti tatu,
nikamtafuta nimgombeze.
Alikuwa amelala chini ya mstari wa mwisho,
mdomo wazi, mguu mmoja juani.

Nikahamisha ile kofia, nikaufunika mguu.
Mzabibu wa tano alikuwa ameufunga legelege mno.
Upepo wa saa sita ukaulaza.
Nikasubiri aamke,
tukaufunga tena.