Pini Mdomoni

Mvua ya Novemba hapa Colón haina adabu:
haipigi hodi, inaingia na maji yake,
na ikiingia inaniletea wanaume watatu
wasio na nguo ya kushona wala ya kupunguza.
Wana ubishi tu, na viatu vya matope.

Ubishi ni ule ule wa tangu Jumanne:
katika wote waliowahi kuvaa glavu, nani alitimia?
Si nani alipiga zaidi. Nani hakupungukiwa.

"Anselmo Grimaldo," asema Teófilo, kuli mstaafu wa bandari.
"Kushoto kulidonoa kama kuku penye mtama,
kulia kukangoja zamu yake, bila papara.
Na miguu! Miguu ile ilikuwa na akili kushinda kichwa changu."

"Hilo la kichwa chako sibishi," asema Rutherford Lowe,
aliyekagua tiketi za treni miaka thelathini
na bado anakutazama kana kwamba umepanda bure.
"Lakini Grimaldo akipigwa mbavuni alikunja uso.
Bondia kamili haoneshi risiti.
Cuthbert Payne, je? Kiziwi wa sikio moja,
ngumi aliisikia kwa ngozi kabla haijatoka begani!"

Yadiel kinyozi anacheka, simu mkononi.
"Wazee, mnahesabu marehemu.
Mtazameni Catuy, anapiga huku anarudi nyuma!"
"Anarudi nyuma," asema Lowe, "hapo umesema kweli."

Nami nina pini saba mdomoni,
suruali ya mpiga ngoma wa shule iko chini ya sindano,
gwaride ni keshokutwa.
Fundi mwenye pini mdomoni hupewa heshima ya bubu:
kila mtu hudhani anaungwa mkono.

Lakini rafu ya pili, nyuma ya vifungo, kuna daftari.
Wote hao walipita hapa.
Walisimama juu ya kile kigoda, soksi miguuni, mikono kando,
na wale mliowaona simba ulingoni
futi yangu ilipogusa kwapa walitekenyeka.

Grimaldo: bega la kulia limeshuka nusu inchi.
Nilishindilia pamba ndani ya joho jekundu
na magazeti yakaandika, mabega ya sanamu.

Payne: kiuno ishirini na nane; siku ya mizani, ishirini na sita,
macho yamezama kama vifungo vilivyokazwa mno.
Aliomba mfuko wa siri ndani ya bukta,
mdogo, wa kutosha jino la maziwa la bintiye.
Sikuuliza. Nilishona mara mbili.

Catuy: pindo la dhahabu. Analipa kesho. Kesho ya mwaka juzi.

"Ermelinda," asema Lowe, "wewe umewashika wote. Sema."
Natoa pini, moja moja, nazichomeka kwenye kito.
Wananyamaza kama watu wanaongoja kadi za waamuzi.

"Mkamilifu ni Mungu," nawaambia. "Inueni miguu, nifagie."

Wanaguna. Yadiel anasema nimekula rushwa.

Sikuwaambia ukurasa wa kumi na nne,
mwandiko wangu wa kitoto, mama akiwa hai,
mwaka wa sabini na moja:
T. Archibold. Bukta ya bluu, mistari myeupe. Kiuno thelathini.
Pambano Jumamosi.
Malipo: kamili.
Haikuchukuliwa.

Nimepekua daftari lote, usiku umeme ulipokatika, kwa mshumaa.
Neno lile halimo mahali pengine.

Mvua inapungua. Lowe anatoka, Yadiel anatoka,
bado wanapigana kwa vidole barabarani.
Teófilo anachelewa kufunga kamba za viatu.
Anatazama rafu ya pili,
kisha kidevu kinaingia ndani, bega la kushoto linapanda kidogo,
kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka kona ya mbali.

"Kesho nitapita," asema.

Keshokutwa ni gwaride. Nimebakiza suruali kumi na moja.