Bawaba

Noah yetu ya mwaka wa tisini na nane
imepewa jina la mwenye safina,
na mvua za Mei zikishika, huvuja mlango wa nyuma.
Hilo tulilizoea.
Tulizoea na kioo kinachoshuka kisipande,
na harufu ya papa mkavu wa shughuli ya Mtongwe,
iliyoingia vitini ikaapa haitoki.

Lakini kile kisanduku cha dashi!
Tuta la kwanza pale Buxton, kwaa,
mdomo wazi, yote mapajani mwa mtu:
bima zilizokwisha muda, kitana kibogoyo,
miwani ya marehemu baba, yenye mguu mmoja.

Bawaba ilikuwa ya plastiki.
Jua la kuegeshwa nje miaka ishirini
liliikausha ikawa biskuti.
Kipini cha kushoto kilikatika siku ya mazishi,
siku ambayo kila mtu alikuwa akitafuta kitu mle ndani
na hakuna aliyejua anatafuta nini.

Nikaanza na gundi.
Gundi ikashika vidole vyangu, bawaba ikaniangalia.
Nikaja na selotepu; joto la saa saba likaibandua,
ikaning'inia kama ulimi wa mbwa.
Nikafunga kwa kamba ya kiatu.
Mama hakusema neno. Alipanda mbele, akajifunga mkanda,
akainua goti, akalipachika pale,
akakizuia kifuniko
kama mtu azuiaye mlango wa jiko kuku wasiingie.
Hivyo ndivyo tulivyokwenda kliniki,
hivyo ndivyo tulivyokwenda harusi ya Mtwapa,
mama kavaa buibui jipya, goti liko kazini.
Miaka miwili.

Jumapili moja nikakitoa chenyewe
(parafujo mbili chini, ndoana mbili ubavuni, basi)
nikakikumbatia hadi Bondeni kwa Mwanaidi, fundi wa simu,
mwenye kibanda kisichozidi kabati.
Akakigeuza. Akakinusa.
"Umetia gundi?"
"Nimetia."
"Basi weye ndiye uloiua."
Akaikwangua kwa wembe, polepole, kama anayepaa changu.
Chini ya meza akavuta mwavuli mbovu,
akang'oa ubavu mmoja, akaupima kwa ukucha, akaukata.
Chuma cha kulehemu kikapata moto,
kikatoboa palipokuwa na kipini;
moshi mweusi ukapanda, tukakohoa sote wawili.
Kisha akazika nyaya nyembamba katika plastiki iliyolegea,
mshono juu ya mshono,
kwa subira ya mshona kofia.
"Hiki kilikuwa mwavuli," akasema, "jua na mvua chavijua.
Nipa mia mbili na hamsini.
Na miwani hii usiitupe. Yataka mguu tu."

Nyumbani kikaingia mahali pake bila ya ugomvi.
Tak.
Nikafungua, nikafunga, nikafungua, nikafunga,
hadi Bi Mwatime wa ghorofani akachungulia
akiuliza kama nimenunua gari.

Jioni nikampeleka mama Kizingo kwa dadake.
Tuta la Buxton likaja. Tukalipanda, tukalishuka.
Kisanduku kimefumba, kimya.
Nikamtupia mama jicho la pembeni, nikingoja sifa zangu.
Goti lake liko pale pale,
limekikandamiza kifuniko hadi kitambaa kimefanya kunyanzi.

"Mama, kimepona hicho."
"Nasikia."
Goti halikutoka.
Tukaufika mzunguko, tukauacha,
taa nyekundu ikatusimamisha, muuza njugu akapita,
ndipo aliposema, mato yako barabarani:
"Babako naye alikuwa akinambia hivyo hivyo. Nimepona, nimepona."

Taa ikageuka.
Tuta la pili nikaliendea polepole.