Hesabu ya Mwezi wa Nane

Mama Peresila amefika kabla sijafagia,
viatu mkononi, tope la Ahero vifundoni.
"Nisomee. Nyangweso kaingiza ngapi?"

Nawasha kompyuta. Nje Kondele inachoma mahindi.
Zamani nilimuuza mumewe kwa memori kadi,
nyimbo mia kwa shilingi hamsini,
na hata ndururu haikumfikia. Nakiri.
Alipozikwa nikampandisha mtandaoni,
nyimbo kumi na moja, gita moja,
na kikohozi katikati ya wimbo wa nne
ambacho mkono wangu ulikataa kukikata.

Oslo, mtu mmoja, usiku wa manane.
Doha, wawili; vijana wetu wa ulinzi, nadhani.
Bungoma, mmoja, akakatiza kabla ya nusu dakika:
huyo hahesabiwi.
Halafu Ahero, simu moja,
mara elfu moja mia mbili na sita.
Wimbo wa nne. Huo tu.

"Shilingi arobaini na tatu," nasema,
"na hazitoki mpaka zifike elfu kumi."

Haulizi elfu kumi itafika lini.
Anauliza bando ya wiki.

"Mama, acha nikutilie kwenye kadi, bure,
umsikilize bila bando, hata mtandao ukipotea."

Anafungua fundo la leso, anatoa noti ya mia,
anainyoosha juu ya meza kwa kiganja.
"Kwenye kadi nitamsikia peke yangu.
Huku, kila akikohoa,
kuna mahali wanaandika moja."