Kukata

Wote wawili walikata bima.
Mti ndio hakuna aliyeukata.

Hayo niliyaandika kichwani, si kwenye fomu,
nimesimama Pointe-Grise, ukingoni mwa Nova Skoshia,
siku ya tatu baada ya kimbunga,
buti zimejaa maji, futikamba mkononi,
na mwaloni wa miaka tisini umelala
kama mlevi aliyekosea mlango:
mizizi kwa Odile Comeau,
kichwa ndani ya banda la Alasdair Gillis,
juu ya mashua aliyoipaka rangi mwezi wa tano.

Watu hudhani mwenye mti ndiye alipaye.
Sivyo. Nimelisema hili kwenye veranda mia:
upepo ukiangusha mti mzima, usio na ugonjwa,
kila mtu hulilia bima yake.
Mti hauna kosa, jirani hana kosa,
na Mungu, ambaye mkataba humtaja kwa herufi ndogo,
hapokei barua zetu za madai.

Lakini ukiwa umeoza, na mwenyewe alijua,
na alionywa kwa maandishi,
hapo kampuni yangu humgeukia yeye,
senti kwa senti.

Nilichoma shina kwa bisibisi.
Ikazama hadi mpini.
Ndani unga wa kahawia, mbichi, wenye harufu ya stoo,
na uyoga umepangana kama visahani.

"Uliwahi kumwonya?" nikamuuliza Gillis.
Akaitazama mashua.
Akatazama dirisha la jikoni kwa jirani,
ambako pazia lilisogea kidogo.
"Mimi? Sijawahi."
Mzee wa miaka sabini na sita,
alidanganya kama mtoto mwenye sukari midomoni.

Odile, yeye, hata hivyo hawezi.
Nilivuka kwake kupima shimo,
akachomoa karatasi chini ya mkebe wa chai.
"Aliniandikia mwaka juzi. Sitaki tukufiche."
Mkono ulitetemeka, si kwa baridi tu.
(Marehemu mumewe aliupigilia mwaloni ule
kulabu ya kamba ya kuanikia.
Gome limeimeza. Pamebaki kitovu.)

Nikaisoma wima.
Mistari tisa. Miwili ya mti:
mwaloni wako una uyoga shinani, uangalie.
Saba ya kambamti,
kwamba mwaka huu wamenona,
kwamba sufuria yake ni kubwa mno kwa mtu mmoja,
kwamba Jumamosi mlango utakuwa wazi,
na kama ana siagi, aje nayo.

"Ulikwenda?" Swali halimo kwenye fomu.
"Nilipeleka siagi. Na Jumamosi iliyofuata. Na zote.
Mti tuliusahau."

Garini, injini ikinguruma, fomu mapajani.
Kisanduku cha kumi na saba: Onyo la maandishi lilitolewa?
Wapo wanaokata rufaa, wapo wanaokata tamaa.
Mimi hulipwa kukata maneno.

Nje, Gillis alikuwa anakereza tawi kwa msumeno wa mkono,
na Odile ameketi juu ya gogo, upande wa pili,
lisitikisike.

Kwenye nafasi ya nyaraka zilizoonekana
nikaandika: mwaliko wa chakula, mmoja.
Wino ukakauka
kabla sijajua kama nimesema uongo.